Matokeo ya mchujo Marekani (Congress na mabunge ya majimbo): namna ya kuyasoma bila kupotoshwa na namba za usiku wa kwanza

#1 Kibatari

Wakuu, salaam. Kila msimu wa mchujo Marekani (kura za kupata wagombea wa uchaguzi mkuu wa Novemba) ukifika, humu zinabandikwa picha za skrini: fulani ana asilimia 44, mwenzake 39, na chini yake pongezi zimeshaanza kumiminika. Nyingi huwa za mapema mno, na nyingine huenda kwa mtu ambaye hajashinda chochote. Tukusanye maelezo mahali pamoja ili kila mtu aweze kusoma namba hizo mwenyewe.

Kwanza neno lenyewe. Kwetu Tanzania "jimbo" ni la mbunge mmoja, lakini habari za Marekani kwa Kiswahili huita jimbo kitu kama Texas au Minnesota. Humu nitafuata maana hiyo ya pili, na eneo la mbunge mmoja nitaliita wilaya ya uchaguzi. Bila kutenganisha hivyo, mtu anasoma "ameshinda jimbo" na kudhani ni Texas nzima.

Viti viko vya ngazi mbili. Congress, yaani bunge la taifa, ina Baraza la Wawakilishi lenye viti 435, vyote vinagombewa kila baada ya miaka miwili, na Seneti yenye viti 100, ambayo theluthi yake hivi ndiyo huingia kwenye uchaguzi kila mara. Halafu kila jimbo lina bunge lake. Mabunge hayo yote kwa pamoja yana viti zaidi ya 7,300. Texas ina 150 bunge la chini na 31 Seneti, California 80 na 40, Minnesota 134 na 67. Nebraska peke yake ina bunge la chumba kimoja, viti 49, na kwenye karatasi ya kura vyama havionyeshwi.

Kabla hujaangalia asilimia, tafuta kanuni ya jimbo husika. Jiulize nani aliruhusiwa kupiga kura: New York mchujo ni wa waliojiandikisha kwenye chama tu, ilhali Texas, Virginia na Minnesota hakuna kujiandikisha kwa chama, mpiga kura anachagua siku hiyo ashiriki mchujo upi. Jiulize pia mshindi anahitaji kiasi gani. Sehemu nyingi anayeongoza anapita hata kwa asilimia 30, lakini Texas lazima avuke nusu. Kisha kuna kura ambazo bado hazijahesabiwa na sheria inayosema zipokelewe mpaka lini. Na la nne ambalo watu husahau: wilaya yenyewe inaelemea chama gani? Kwenye wilaya ambayo chama kimoja hupata asilimia 70 kila Novemba, mchujo wa chama hicho ndio uchaguzi wenyewe, na anayepita upande wa pili kazi yake kubwa ni kuweka jina kwenye karatasi.

Wenye ujuzi wa majimbo fulani waongezee, hasa California na Minnesota.

#2 MamaZawadi

Asante mleta uzi. Naomba kueleweshwa: hii ni sawa na kura za maoni za CCM? Yaani mtu anaweza kuongoza halafu vikao vya juu vikamkata jina?

#3 Kibatari

Hapana dada, na tofauti hiyo ni kubwa. CCM kura za maoni ni hatua mojawapo, jina bado linapanda kwenye vikao na vikao vinaweza kumteua wa pili au wa tatu. Kenya nako chama kinaweza kumpa mtu tiketi ya moja kwa moja bila mchujo wowote. Marekani mchujo huendeshwa chini ya sheria za jimbo, katika majimbo mengi na maofisa wa kaunti wale wale wanaoendesha uchaguzi mkuu, na mshindi ndiye jina linalochapwa Novemba. Viongozi wa chama wakimchukia, wanaweza kumnyima fedha na kumpigia kampeni mpinzani wake kabla ya mchujo. Matokeo yakishaidhinishwa, kumkata hawawezi.

Ndiyo maana vigogo huanguka. Juni 2018 New York wilaya ya 14, Joe Crowley, aliyekuwa miongoni mwa viongozi wa juu wa Democratic bungeni, aliangushwa na Alexandria Ocasio-Cortez kwa takriban asilimia 57 kwa 43. Waliopiga kura hawakufika 30,000 kwenye wilaya yenye watu zaidi ya laki saba. Mwaka 2024 Jamaal Bowman (wilaya ya 16, New York) aliangushwa Juni na George Latimer, na Agosti Cori Bush (wilaya ya 1, Missouri) akaangushwa na Wesley Bell.

#4 Karani_wa_Kura

Niongezee kwenye duru ya pili, maana hapo ndipo pongezi za mapema huwa nyingi.

Texas, Georgia, Alabama, Mississippi, Oklahoma na South Carolina zinataka nusu ya kura na zaidi. Asipopatikana, wawili wa juu wanarudi. North Carolina kiwango ni zaidi ya asilimia 30, na hata akikosa kufika hapo, duru ya pili haiji yenyewe: aliyeshika nafasi ya pili lazima aiombe. South Dakota wameweka asilimia 35, tena kwa viti vikubwa tu, Seneti na Baraza la Wawakilishi la Congress pamoja na ugavana. Kwa hiyo asilimia 44 ni ushindi Minnesota, ni ushindi North Carolina, na Texas ni tiketi ya kwenda kupigania tena Mei.

Mfano ulio wazi ni mchujo wa Democratic, Texas wilaya ya 28, mwaka 2022. Machi, Henry Cuellar aliyekuwa akitetea kiti alipata asilimia 48.7, Jessica Cisneros 46.6, na mgombea wa tatu chini ya 5. Huyo wa tatu ndiye aliyewazuia wote wawili. Duru ya pili ya Mei 24 ilimpa Cuellar uongozi wa kura 281. Zikahesabiwa upya, Juni ukatoka kura 289. Tazama vizuri hapo: wilaya nzima, kura zaidi ya 45,000, na kuhesabu upya kukahamisha kura nane.

Jambo jingine la Texas: aliyepiga mchujo wa chama kimoja Machi haruhusiwi kuhamia duru ya pili ya chama kingine. Asiyepiga kabisa Machi anaruhusiwa kuchagua upande wowote. Kwa hiyo usichukue kura za Machi ukajumlisha na kutoa ukadhani umeshapata jibu la Mei. Watu wanaorudi ni wachache, na baadhi yao ni wapya kabisa. Mei 2024 Spika wa bunge la Texas, Dade Phelan, alikuwa ameshika nafasi ya pili Machi, na duru ya pili akapita kwa kura zisizofika 400.

#5 Mto_Mississippi

Minnesota hii hapa, kwa kuwa ndugu zetu wengi wako huko na maswali hujirudia.

Chama cha Democratic huko kinaitwa DFL. Ukiona "DFL" kwenye matokeo usidhani ni chama cha tatu. Wilaya za Seneti ya jimbo ni 67, na kila moja imegawanywa A na B kwa bunge la chini, ndiyo maana jumla inakuwa 134. Ukisoma 38A, jua iko ndani ya wilaya ya Seneti namba 38. Huko ndiko Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya, alikochaguliwa Novemba 2024 kwa tiketi ya DFL. Watu waliandika "seneta" na wengine "mbunge wa Congress". Ni mbunge wa bunge la chini la jimbo.

Mchujo hufanyika Jumanne ya pili ya Agosti. Hakuna duru ya pili, anayeongoza amepita. Kabla ya hapo vyama hukaa mikutano ya uidhinishaji, na DFL wanataka asilimia 60 ya wajumbe. Kuidhinishwa kunampa mgombea orodha za wapiga kura na watu wa kugonga milango, lakini hakumzuii mwenzake kwenda mchujo na kumshinda. Anayeandika "fulani ameshateuliwa na chama" mwezi wa Aprili anaandika jambo ambalo halijatokea.

Kosa linaloharibu kura nyingi bila sababu: karatasi ya mchujo ina safu za vyama, na mpiga kura lazima abaki kwenye safu moja tu. Ukiweka alama kwa mgombea wa DFL kiti cha Congress, halafu ukavuka kwa Republican kiti cha bunge la jimbo, sehemu yote ya vyama inabatilika, zile pande mbili zote. Sehemu isiyo ya vyama, kama majaji au bodi ya shule, inabaki halali. Kituoni mashine huirudisha karatasi na unapewa nyingine. Aliyepiga kwa posta hana mashine ya kumuonya, bahasha imeshafungwa. Tafadhali wambieni wazazi wanaopiga kura kwa posta.

Kura ya posta Minnesota lazima iwe imefika siku ya uchaguzi. Ikifika kesho yake haihesabiwi hata kama muhuri wa posta ni wa wiki iliyopita. Faida yake kwa msomaji wa matokeo ni kwamba namba za usiku ule ziko karibu sana na za mwisho. Agosti 2022 wilaya ya 5, Ilhan Omar (aliyepitia kambi ya Utange, Mombasa, akiwa mtoto) alimshinda Don Samuels kwa takriban kura 2,500, asilimia 50 kwa 48, na jibu lilijulikana usiku ule ule. Pengo la namna hiyo California lingekesha wiki mbili.

#6 Ngalawa

Mimi hapo ndipo napotea. Mtu anaongoza usiku, baada ya siku tano ameshuka. Kwa wengi hiyo ni dalili ya wizi. Ni kitu gani hasa kinaendelea?

#7 Fundi_Takwimu

Swali zuri Ngalawa. Ni mpangilio wa kuhesabu. Kura haziingii kwa kuchanganywa kama punje gunia moja, zinaingia kwa mafungu, na kila fungu lina watu wake.

California karibu kila mpiga kura anapelekewa karatasi nyumbani. Iliyogongwa muhuri kufikia siku ya uchaguzi inakubaliwa ikifika ndani ya siku saba. Kila bahasha lazima saini yake ilinganishwe na iliyo kwenye daftari. Isipofanana, kaunti inamwandikia mpiga kura arekebishe, na hapo siku zinapita. Kura za mwanzo ni za waliotuma mapema, mara nyingi wazee. Za mwisho ni za waliodumbukiza sandukuni siku yenyewe, wengi vijana na wapangaji. Kaunti zina takriban mwezi mzima kukamilisha uhakiki.

Texas ni kinyume. Namba ya kwanza baada ya vituo kufungwa kwa kawaida ni kura za mapema na za posta kwa mkupuo mmoja, kisha za siku yenyewe zinafuata kituo kwa kituo. Mgombea mwenye jina kubwa mara nyingi huanza juu na kushuka kadiri saa zinavyokwenda.

New York 2020, mwaka wa korona, tofauti hiyo ilikuwa kubwa kupita kiasi. Mchujo wa Juni 23, wilaya ya 36 ya bunge la jimbo huko Queens: Zohran Mamdani, mzaliwa wa Kampala ambaye baadaye alichaguliwa meya wa New York, aliongoza usiku ule kwa kura mia kadhaa dhidi ya Aravella Simotas aliyekuwa akitetea kiti. Hakuna aliyeweza kumtangaza. Bahasha za posta zilianza kufunguliwa Julai, zikalipunguza pengo, na mwisho akabaki mbele kwa kura mia nne na kidogo. Baada ya hapo jimbo lilibadili sheria ili bahasha zihakikiwe kadiri zinavyopokelewa.

Sasa hesabu ya kufanya mwenyewe kwenye karatasi. Chukua pengo, jumlisha na kura zilizobaki, gawanya kwa mbili. Hizo ndizo kura ambazo aliye nyuma anahitaji kufikia sare. Tuseme, kwa mfano wa kubuni, A anaongoza kwa 1,200 na zimebaki 6,000 za hao wawili. 1,200 + 6,000 = 7,200, nusu yake 3,600. Aliye nyuma anahitaji 3,600 kati ya 6,000, yaani asilimia 60. Halafu uliza: kura zilizobaki zinatoka kaunti gani, na huko amekuwa akipata ngapi? Kama anapata 47, imekwisha. Kama anapata 63, tulieni kwanza.

Na msitumie "asilimia ya vituo vilivyoripoti" kupima kilichobaki. Vituo vinaweza kuwa 100 kwa 100 huku maelfu ya bahasha yako mezani, kwa kuwa bahasha hazina kituo kilichosubiri kuripoti. Tafuta takwimu ya kaunti ya kura ambazo hazijashughulikiwa. California huichapisha na kuisasisha.

#8 Karani_wa_Kura

Na hii California wilaya ya 16, Machi 2024, kila mtu anayefuatilia matokeo inafaa aijue kwa undani.

Kule mchujo hauna safu za vyama. Wagombea wote wako kwenye orodha moja na wawili wa juu wanaenda Novemba, hata wakiwa wa chama kimoja. Wagombea walikuwa 11. Sam Liccardo alishika nafasi ya kwanza bila shida. Vita ilikuwa nafasi ya pili, na kwa wiki kadhaa Joe Simitian na Evan Low walipishana kila kaunti za Santa Clara na San Mateo zilipotoa fungu jipya. Matokeo yalipokamilika: Simitian 30,249, Low 30,249. Sare.

Sheria ya California haipigi shilingi wala kura ya bahati hapo. Walio sare nafasi ya pili wanapita wote, kwa hiyo Novemba ingekuwa na majina matatu. Jimbo hilo halina kuhesabu upya kwa lazima kwa kiti kama hicho. Lakini mpiga kura yeyote, hata asiye mgombea, anaweza kuomba ndani ya siku tano, akiweka amana ya gharama siku kwa siku. Mtu akaomba. Low akaongezeka kura 12, Simitian 7. Mwisho: 30,261 kwa 30,256. Kura tano zikamwondoa Simitian, na Novemba Liccardo akamshinda Low.

Kura hizo 19 hazikutoka hewani. Kuhesabu upya kunarudisha mezani bahasha na karatasi zilizokuwa zimewekwa pembeni, zile zenye saini ya kubishaniwa au alama ambayo mashine haikuisoma. Kila moja inatazamwa na mtu.

#9 Kibatari

Mfumo huo wa wawili wa juu una mtego mwingine: kugawana kura. California wilaya ya 31 mwaka 2012 ilielemea Democratic. Wademocrat wanne wakasimama, Warepublican wawili tu. Wanne wakagawana, na waliopita ni Gary Miller na Bob Dutton, wote Republican. Novemba wapiga kura wa Democratic hawakuwa na mtu wao kwenye karatasi. Pete Aguilar aliyeachwa nafasi ya tatu alirudi 2014 akakichukua kiti.

Seneti ya jimbo hilo, wilaya ya 4, mwaka 2022 ikawa kinyume chake. Wilaya inaelemea Republican, Warepublican sita wakagawana, wakapita Wademocrat wawili. Aliyeshinda, Marie Alvarado-Gil, alihamia Republican Agosti 2024.

Alaska wanapitisha wanne, kisha Novemba mpiga kura anawapanga wagombea kwa nafasi: wa kwanza, wa pili na kuendelea. Agosti 2024 Mary Peltola wa Democratic alipata karibu asilimia 51 ya mchujo, Nick Begich kama 27, Nancy Dahlstrom kama 20. Picha za skrini zikasambaa: "Peltola ameshinda". Kumbe Dahlstrom alijitoa, Republican wakabaki na mgombea mmoja wa nguvu, na Novemba Begich akachukua kiti. Kwenye jedwali la aina hiyo jumlisha kura za chama kizima, usiangalie jina la juu peke yake.

#10 Ngalawa

Nimekusomeni. Sasa nani anatangaza rasmi? Naona kila mahali "AP wametangaza".

#11 Karani_wa_Kura

AP ni shirika la habari. Hutangaza pale wanapojiridhisha kwamba aliye nyuma hana njia ya kufika, na rekodi yao ni nzuri sana, ila tamko lao halina nguvu ya kisheria. Rasmi ni hivi: kaunti inahakiki, ikilinganisha idadi ya waliosaini daftari na karatasi zilizotoka, inaongeza kura za muda (za watu ambao haki yao ya kupiga kura ilikuwa bado haijathibitishwa) na zilizorekebishwa, kisha inaidhinisha na kupeleka kwa jimbo. Minnesota bodi ya jimbo hukaa wiki moja baada ya mchujo. California inapita mwezi.

Kuhesabu upya nako kila jimbo lina lake, na hapa msikariri la jirani. Minnesota kwa kiti cha bunge la jimbo, pengo likiwa chini ya nusu asilimia, aliyeshindwa akiomba serikali inalipa. Kwa Congress ni chini ya robo asilimia. Virginia serikali inalipa pengo likiwa nusu asilimia au pungufu. Juni 2024, wilaya ya 5, Bob Good alishindwa na John McGuire kwa kura 374, sawa na asilimia 0.6. Akawa na haki ya kuomba, lakini gharama zikawa zake, na matokeo hayakugeuka. Texas unaweza kuomba pengo likiwa chini ya asilimia 10 ya kura za mshindi, kwa amana yako. Mlango ni mpana, lakini kumbukeni zile kura nane za Cuellar.

#12 MamaZawadi

Nashukuru sana. Swali la mwisho: asiye mtaalamu apate wapi namba safi, asitegemee picha za watu?

#13 Mto_Mississippi

Tovuti ya Katibu wa Jimbo wa jimbo husika, kisha ya kaunti. New York ni bodi ya uchaguzi. Minnesota wanatoa mafaili ya maandishi yaliyotenganishwa kwa nukta-mkato. Ukiyafungua kwenye jedwali la kompyuta, chagua nukta-mkato kama kitenganishi, vinginevyo kila mstari utajazana kwenye safu moja. Safu za namba za kaunti na kituo ziweke kama maandishi kabla ya kufungua, la sivyo sifuri za mwanzo zinafutika na 0005 inakuwa 5, halafu hailingani na faili jingine. Kwa wilaya inayovuka kaunti mbili chukua faili la wilaya nzima. Ukichukua la kaunti moja utapata nusu ya matokeo, na usiku huo huo utabishana na watu wenye nusu nyingine.

Na ukibandika humu, andika saa uliyochukua namba na saa za wapi. Saa mbili usiku Minneapolis, Agosti, ni saa kumi alfajiri Dar na Nairobi, na kufikia hapo mtu mwingine ana namba mpya.